Bili imepanda, ukuta umelowa: fundi asivunje vigae bado

Swali la msomaji wa Buruburu, Nairobi: "Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, nimeolewa huku Nairobi. Tunaishi katika nyumba ya zamani isiyo na ghorofa, iliyoungana ukuta na ya jirani. Tangu Januari ukuta wa korido unaopakana na bafu umelowa kutoka sakafuni hadi usawa wa goti, rangi inabambuka na kutoa unga mweupe. Kwetu Kibokoni kuta zote ziko hivyo, na marehemu baba alikuwa akisema ni chumvi tu. Lakini bili imetoka uniti 15 hadi 27 kwa mwezi, na sisi ni walewale watano. Maji huja siku tatu kwa wiki, siku nyingine tunatumia ya tangi la lita 2,000. Zamani tangi lilitufikisha hadi siku ya maji, sasa linakauka kabla. Fundi ameugusa ukuta, anasema bomba la bafu limepasuka, na kesho kutwa anataka kung'oa vigae vyote. Nimruhusu?"

Hapana, dada yangu. Mpigie simu leo umwambie asubiri. Huenda bomba limepasuka kweli, lakini kuugusa ukuta hakumwambii mtu hilo. Kinachowekwa hatarini ni sakafu nzima ya bafu.

Kabla ya lolote, angalia umeme. Kama bafu lina shawa ya umeme, au kuna swichi au soketi kwenye ukuta huo uliolowa, izime kwenye meinswichi na mtu asioge kwa shawa hiyo hadi jambo hili liishe. Ukuta wenye maji na waya ndani yake si wa kuchezewa, hasa penye watoto.

Sasa tuingie kwenye shida yenyewe. Umeniletea mambo mawili: bili iliyopanda na ukuta uliolowa. Fundi wako ameyaunganisha yakawa jambo moja, na hapo ndipo ninapomkatalia. Bili ni kesi moja na ukuta ni kesi nyingine, mpaka upate ushahidi unaoziunganisha. Choo kinaweza kuvuja kimya usiku na mchana, kikakupandishia bili, kisilowanishe hata tone la ukuta, kwa sababu maji yote yanaishia kwenye maji taka. Na sakafu ya bafu inaweza kuurovya ukuta mwaka mzima bila kuongeza uniti moja kwenye bili, kwa sababu yale ni maji mliyokwisha kuyaoga.

Nalisema hili kwa uchungu. Miaka mingi iliyopita nilivunja bafu la familia moja ya South C kwa sababu hizi hizi, bili juu na ukuta maji. Nilibadilisha bomba, nikarudisha vigae, nikalipwa. Mwezi uliofuata ukuta ulikuwa vilevile na bili vilevile. Bili ilikuwa ni mpira wa tangi la choo uliochakaa, kitu cha kubadilisha kwa nusu saa. Ukuta ulikuwa ukilowa kwa mtaro wa nje ulioziba, maji ya kuogea yakirudi chini ya msingi. Nilirudisha kazi kwa pesa zangu, lakini vigae vya rangi ile havikupatikana tena dukani. Tangu siku hiyo sishiki nyundo kabla sijashika kalamu.

Tuanze na huo unga mweupe, maana ndio umekupeleka Kibokoni kimawazo. Nami nilijifunza kazi Mombasa, kwa hiyo nazijua kuta hizo. Nyumba za Mji wa Kale, Kibokoni ikiwemo, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chumvi imo ndani ya jiwe tangu lilipochimbwa, nyingine inaletwa na upepo wa bahari, na kuna waashi waliochanganya mchanga wa ufuoni. Chumvi ya kawaida ina tabia ya kuvuta maji kutoka hewani pindi unyevu wa hewa unapozidi takriban asilimia 75, na Mombasa kiwango hicho hufikiwa mara nyingi, hasa usiku. Ndiyo maana ukuta wa Kibokoni unaweza kutoa jasho hata kama hakuna bomba karibu nao. Marehemu baba hakukosea.

Buruburu ni kwingine. Bahari iko mbali, zaidi ya kilomita 400, hewa ni kavu kuliko ya Mombasa, mawe ni ya machimbo ya bara na mchanga ni wa mito ya Machakos na Kajiado. Hapa unga mweupe ni chumvi za saruji na mawe zilizoyeyushwa na maji yaliyopita ndani ya ukuta, zikabaki juu maji yalipokauka. Kwa hiyo Nairobi unga huo ukitokea ghafla kwenye ukuta uliokuwa mkavu kwa miaka, kuna maji yanayoingia. Ila angalia unatokea wapi: hujikusanya kwenye ukingo, pale ukuta unapokaukia, na si pale maji yanapoingilia. Mtu anayechimba penye unga mwingi anachimba mbali na tundu.

Chora mpaka wa unyevu kwa penseli leo na uandike tarehe. Tazama umbo lake pia. Unyevu unaopanda kutoka ardhini kwa kukosa kizuizi cha msingi huwa na mstari wa karibu sawasawa urefu wote wa ukuta, na mara chache hupita mita moja. Unyevu wa bomba huwa kama kilima: katikati juu na mweusi, pembeni unashuka. Tena umesema umeanza Januari, mvua zikiwa zimekwisha, kwa hiyo paa na maji ya mvua nayaweka kando.

Sasa hesabu. Uniti moja ni lita 1,000. Umeongeza uniti 12, yaani lita 12,000 kwa mwezi, sawa na lita 400 kwa siku. Ukizigawa kwa saa 24 unapata lita 16 na ushei kwa saa, karibu glasi moja kila dakika. Huo ni mchirizi mwembamba usiosikika, na ungeweza kupotelea ukutani au chooni bila mtu kujua. Lakini kama mvujo uko kati ya mita na tangi, unavuja tu maji yanapokuja, siku tatu kwa wiki. Ili upoteze lita 12,000 kwa saa hizo chache, ingebidi utoke zaidi ya nusu lita kila dakika, na kwa kawaida bomba la namna hiyo lingekuwa limeshatengeneza tope uani. Hujataja tope. Na umesema tangi linakauka kabla ya siku yake. Dalili hizo mbili zinanielekeza baada ya tangi: ama choo, ama bomba la ndani, ama tangi lenyewe. Bado ni dhana, na utaithibitisha kwa usiku tatu.

Usiku wa kwanza uwe wa siku isiyo na maji ya mfereji. Kila mtu akishalala, tumbukiza fimbo iliyonyooka hadi chini ya tangi, weka alama maji yalipofika, andika saa. Mtu asifungue kitu wala kuvuta maji ya choo. Weka ndoo chooni ya kutumia usiku. Zikipita saa nane tangu ulipopima, tumbukiza fimbo tena. Glasi moja kwa dakika ni kama lita 133 kwa saa nane, na kwa tangi lenye kipenyo cha mita 1.3 hivi maji yatakuwa yameshuka karibu sentimita 10. Hilo halihitaji mtaalamu kuliona. Yasiposhuka kabisa, nyumba yako haivuji baada ya tangi, na utaangalia upande wa mita.

Usiku wa pili rudia vilevile, lakini funga valvu ndogo iliyo chini ya tangi la choo. Kama usiku huu maji hayakushuka, umempata mwizi wa bili, na ni choo. Uthibitishe mchana: tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo, au vijiko viwili vya juisi ya unga yenye rangi kali, usivute maji kwa nusu saa, kisha tazama bakuli. Rangi ikiingia, mpira wa chini haufungi. Angalia pia kama maji yamefika juu na yanamwagikia ndani ya bomba la kufurikia. Hapo boya ndilo lenye kosa.

Usiku wa tatu funga valvu inayotoka kwenye tangi kubwa. Maji yakishuka bado, tangi lina ufa au kiungo chake kinavuja. Yakisimama, ilhali usiku wa pili yalishuka na choo kimefungwa, basi mvujo uko kwenye bomba kati ya valvu hiyo na mifereji yako. Hapo, na hapo tu, maneno ya fundi wako yanaanza kuwa na uzito. Nyumba nyingi za zamani za Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi kama wenu, valvu hizi hazifungi tena kwa kutu. Isipofunga, badilisha valvu kwanza. Utaihitaji maisha yako yote katika nyumba hiyo.

Upande wa mita upime siku maji yanapokuja. Tangi likijaa, funga boya lake kwa kamba lisiweze kushuka, kisha kaa mbele ya mita. Tarakimu nyeusi ni uniti, nyekundu ni sehemu za uniti, na mita nyingi zina kinyota au kigurudumu kidogo kinachozunguka kwa maji kidogo kabisa. Kikizunguka ilhali kila kitu kimefungwa, bomba la ardhini linavuja. Usifanye kipimo hiki dakika za mwanzo maji yanapofika, kwa sababu hewa iliyobaki bombani nayo huzungusha mita. Ukikuta bomba hilo linavuja, litengeneze haraka hata kama ni kidogo, na chemsheni maji ya kunywa. Siku zisizo na maji bomba huwa tupu, na tundu lililokuwa likitoa maji linaweza kuvuta uchafu wa ardhini, na penye mtaro wa maji taka karibu hapo ndipo watoto wanapougua matumbo bila kujulikana sababu.

Baada ya hayo ndio urudi kwenye ukuta, ukiwa na majibu ya bili mkononi. Tuseme umegundua ni choo. Kitengeneze, kisha ushughulikie ukuta kama kesi mpya. Ziba tundu la maji la sakafu ya bafu kwa kitambaa kilichofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, mwaga maji sakafuni yafike kina cha sentimita 2 au 3, weka alama, na pembeni weka beseni la maji lenye alama pia, ili ujue kiasi gani kimekwenda kwa kukauka tu. Subiri kwa muda wa saa nne. Maji ya sakafu yakishuka na ya beseni yakibaki, sakafu inavuja: saruji ya katikati ya vigae imekufa, au kiungo cha tundu la maji na sakafu kimeachana. Nimeona kiungo hicho kikiachana mara nyingi kuliko bomba kupasuka. Yasiposhuka, toa kitambaa uyaachie yaende kwa mkupuo, utazame ukuta siku mbili zinazofuata. Ukilowa zaidi, tatizo liko kwenye bomba la kutolea maji.

Na usimsahau jirani. Ukuta ukiwa wa kushirikiana, au mabafu yenu yakipakana, maji yanayokulowanisha yanaweza kuwa yake. Nenda kwa salamu na sahani ya mahamri, umwombe apime tangi lake usiku mmoja kama ulivyopima wewe. Kumwambia "bomba lako linanilowanisha" kabla hujawa na kipimo huharibu ujirani bure.

Kwa nini Januari? Nyumba za Buruburu zilijengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970, na nyingi zilipewa mabomba ya chuma yenye ngozi ya zinki, yale mafundi wanayaita GI. Bomba hilo hufa kwanza penye nyuzi za kufungia, yaani mikato ya skrubu kwenye ncha zake, kwa sababu fundi alipokata nyuzi aliondoa zinki na akapunguza unene wa chuma palepale. Kutu hula polepole miaka 40, kisha siku moja kitu kinatikisika. Sehemu nyingi za mashariki ya Nairobi zimekalia udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Kiangazi cha Januari na Februari ndipo unapopasuka, sakafu inashuka kidogo, na elbo (kiungo cha kona) iliyokuwa imeshikwa na kutu pamoja na katani ya zamani ya kuzibia nyuzi inaachia. Pia chunguza kama kuna mahali bomba la kale limeungwa na PPR jipya, yaani bomba la plastiki linalounganishwa kwa kuyeyushwa. Kiungo cha plastiki na chuma kinataka kifungio chenye nyuzi za shaba, na kama aliyeunga aliyeyusha PPR kwa haraka, penye joto lisilofika au lililozidi, hapo ndipo ningetazama kwanza.

Vifaa je? Utaambiwa kuna mashine. Zipo, na nyingine nzuri, lakini kila moja ina mahali inapokosea. Kipima unyevu cha sindano mbili husoma jinsi umeme unavyopita ukutani, na chumvi hupitisha umeme, kwa hiyo ukuta wenye unga mweupe kinausoma kuwa umelowa kupita ulivyo. Kamera ya joto haioni maji, huona tofauti ya joto. Mvujo wa bomba la maji moto unaonekana vizuri mbele yake, lakini nyumba yenye shawa ya umeme ina mabomba ya maji baridi tu, na picha huwa hafifu. Kusikiliza kwa fimbo ya chuma sikioni ni mbinu ya wazee, nami naipenda, ila inataka presha. Tangi lililo mita 4 juu ya mfereji hutoa presha ya chini ya nusu ya bari (bari ni kipimo cha presha), na mvujo wa hapo haupigi kelele. Sikiliza bomba la mita usiku wa siku ya maji, si bomba la tangi.

Kifaa ninachokiamini kwa nyumba yako ni pampu ya mkono ya kupimia presha. Fundi anafunga mifereji yote, anaziba ncha za shawa na choo, anajaza bomba la bafu maji na kulipandisha hadi bari 3 au 4, kisha mnatazama geji kwa nusu saa. Ikishuka, bomba hilo linavuja, na kwa presha hiyo sasa fimbo ya kusikilizia inaweza kukuonyesha ni wapi. Isiposhuka, bomba ni zima na vigae vyako vimepona. Usimruhusu apandishe hadi bari 10 kama anavyopima PPR jipya. Bomba lenye kutu ya miaka hiyo litapasuka mahali palipokuwa hapavuji, naye atakuonyesha maji kama ushahidi.

Ikithibitika ni bomba, mwambie avunjie upande wa korido. Plasta na rangi ni rahisi kurudisha kuliko vigae, na bomba liko ndani ya ukuta uleule. Afungue dirisha dogo la sentimita 30 penye kiungo, si kuchimba ukuta kwa urefu wote. Akikuta elbo moja imeoza, usikubali kubadilisha elbo hiyo peke yake. Zilizobaki ni za umri mmoja nayo. Maoni yangu ni kuliacha bomba la kale lilale ukutani likiwa limefungwa pande zote mbili, na kupitisha PPR jipya juu ya ukuta, linaloonekana. Halipendezi kama la kufichwa, lakini likivuja utaliona siku hiyohiyo.

Kisha uwe na subira na ukuta. Waashi wa zamani hukadiria mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene, hivyo ukuta wa jiwe wa sentimita 15 unaweza kudai nusu mwaka. Acha plasta mbovu ikiwa imeondolewa, fungua madirisha, na unga mweupe uufagie kwa brashi kavu. Ukiuosha, chumvi inarudi ndani. Wakikushauri kupaka rangi ya mafuta au kubandika vigae juu yake ili kuficha, kataa, kwa sababu unyevu utahamia chumba cha pili.

Na nyumba ya Kibokoni, kwa kuwa umeitaja: ukitaka kujua kama kuna mvujo ndani ya ile chumvi, ukuta hautakuambia, mita itakuambia. Fanya vipimo hivyohivyo vya tangi na mita. Na yeyote atakayekushauri kuzipiga plasta ya saruji kuta zile za chokaa, mkatalie. Jiwe la matumbawe linapumua kupitia chokaa, na saruji huufungia unyevu ndani hadi jiwe lenyewe linamomonyoka.

Kesho kutwa fundi akija, mpe chai, mwonyeshe karatasi yenye namba za fimbo, umuulize kama ana pampu ya presha. Kama hana, ziko za kukodi, na gharama ya kuikodi siku moja ni ndogo kuliko ya kung'oa na kurudisha vigae vyote vya bafu lako.